Kiti cha Nyuma ya Dereva

Jua lilikuwa linazama pale Mama Kidoti alipotoka kwenda uani, tepu ya kupimia shingoni, daftari kwapani, penseli ameichomeka kwenye nywele. Alikuwa anakwenda kupima viti vya gari. Kazi ya dakika ishirini, si zaidi. Alikuwa mshonaji, tena wa wateja wagumu: magauni ya maharusi, sare za wauguzi, mapazia ya wale wenye nyumba kubwa wanaorudisha kazi kwa sababu ya sentimita moja. Kava za viti vya gari kwake zilikuwa mchezo.

Gari lilikuwa chini ya paa la bati ambalo mumewe alilijenga kabla hata gari lenyewe halijafika. Refu, jeusi, matairi manene, la kupanda mpaka uinue goti. Mumewe alikuwa fundi wa friji, na mtaa mzima ulimwita Spana, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila spana mfukoni, hata msibani. Wiki ya tatu hiyo, akitoka kazini alipitiliza moja kwa moja uani bila salamu. Alishalifungia gari keria juu, taa za ukungu mbele, king'ora alichokiunganisha mwenyewe na loki zinazojifunga zenyewe. Vioo vyote alivibandika filamu nyeusi nene, ile ya kuzuia wezi, ambayo hata ukikipiga kioo nyundo hakimwagiki. Gari alilipa jina: Bibi Harusi. Mama Kidoti naye alikuwa na jina lake. Aliliita mke mwenza.

Akafungua mlango wa nyuma ya dereva, akapanda, akawasha tochi ya simu.

Kiti kilikuwa kimebonyea.

Si sana. Kishimo cha mviringo katikati ya kiti, kana kwamba aliyekikalia ameinuka sasa hivi. Akakisugua kwa kiganja, kikajaa. Akaandika upana wa kiti, akaandika kina. Alipogeuka, kishimo kilikuwa kimerudi pale pale. Basi akakipima nacho, maana hiyo ndiyo kazi yake. Shubiri moja na vidole vinne.

Makalio ya mtoto.

Akaweka mkono ndani yake. Palikuwa na joto. Na palikuwa na harufu... tamu, nzito, ya kukwama kooni. Dawa ya kikohozi ya watoto. Ile nyekundu.

Hapo mimi na wewe tungeshuka tukaingia ndani kuomba chai. Mama Kidoti alimaliza kupima viti vyote vitatu vya nyuma, kwa sababu hakuwa na hofu bado. Alikuwa na hasira. Alijua kabisa ni binti yake amekuja kuchezea humo na kumwaga dawa. Akaingia ndani ameshapanga na maneno ya kumgombeza.

Kidoti, miaka sita, mwenye alama nyeusi shavuni iliyompa jina, alikuwa mezani na daftari la hesabu.

"Umeingia kwenye gari?"

"Hapana, mama. Ufunguo anao baba."

Ni kweli. Ufunguo Spana alilala nao. Lakini mlango aliufungua vipi yeye Mama Kidoti, ikiwa ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu ambaye hajarudi kazini? Swali hilo lilimjia usiku akiwa kitandani, akaamua kulala nalo.

Gari walilinunua kwa mwanamke mwenye duka la dawa, upande wa pili wa mji. Lilikuwa jipya kabisa kwa kutazama, limetembea kidogo mno. Siku ile walikuta wanunuzi wengine wawili wamewatangulia. Mmoja alisema ana dereva wake, yeye hajui mambo ya magari. Yule mama akamwambia gari limeshauzwa. Wa pili alisema hana neno, mradi linatembea. Naye akaambiwa hivyo hivyo. Spana alilizunguka gari. Aliona skrubu ya namba ya gari imelegea, akatoa bisibisi mfukoni akaikaza, kwenye gari ambalo hata si lake. Yule mama wa dawa alimtazama mpaka akamaliza.

"Mna mtoto?" akauliza.

"Mmoja, wa kike," akajibu Mama Kidoti.

"Ana miaka mingapi?"

"Sita."

Yule mama akatoa ufunguo. "Kioo cha nyuma ya dereva hakifungi vizuri," akasema. "Kimebaki wazi vidole viwili. Kiacheni hivyo hivyo."

Kumwambia Spana aache kitu kilichoharibika ni sawa na kumwambia mlevi aangalie chupa tu. Jumamosi ya kwanza kabisa aliufungua mlango, akatoa mota, akasafisha, akapaka grisi. Kioo kikapanda mpaka juu, kikafunga kabisa, bila hata mlio. Akamwita mkewe aje akione.

Jumamosi baada ya kupima viti walitoka familia nzima. Sasa gari hili lina taa tatu nyekundu pale mbele ya usukani, vijitu vitatu vidogo vilivyovaa mkanda, kimoja kwa kila kiti cha nyuma. Ukikaa bila kufunga mkanda, kijitu chako kinawaka na gari linalia. Kidoti alikuwa ameshaligeuza jambo hilo mchezo wake na baba yake. Alikaa upande wake wa siku zote, nyuma ya mama, akafungua mkanda, akafunga. Akafungua, akafunga. Akafungua, akafunga. Mara tatu, siyo mbili wala nne.

Ting. Ting. Ting.

"Kidoti!" akafoka baba yake, bila kugeuka.

Na mtoto akacheka mpaka kwikwi. Kila safari, mchezo ule ule, na Spana kila safari alijifanya amekasirika.

Siku hiyo mchezo uliisha, kicheko kikaisha, na mlio ukaendelea.

Ting... ting... ting...

"Kidoti, basi."

"Nimefunga, baba."

Alikuwa amefunga. Kijitu kilichowaka kilikuwa cha kiti cha nyuma ya dereva. Hapakuwa na mtu pale. Hapakuwa na hata mkoba.

Spana akaegesha pembeni, akashuka, akapapasa kiti, akainama kuangalia waya. Akasema ni sensa. Mkewe akamwambia alipeleke gereji.

"Gari langu haliguswi na fundi mwingine."

"Basi mwambie mke mwenza wangu anyamaze."

Waya angeweza kuukata, lakini kukata waya wa gari jipya kwa Spana ilikuwa dhambi. Na kuuvumilia ule mlio hakuweza. Mtu akilia karibu naye angeweza kumsogeza apite. Mashine ikilia, usingizi hapati. Basi akafanya jambo ambalo mtu mwenye pupa ya kutengeneza ndiye pekee angelifanya. Akauvuta mkanda wa kile kiti kitupu, akaupitisha juu ya kiti, akauchomeka kwenye kifungio. Kisha akaukaza kwa kamba ya plastiki usilegee tena.

Kimya. Kijitu kikazimika.

"Umeona?" akasema. "Gari linadhani kuna mtu, nami nimemfunga huyo mtu. Kwisha habari."

Mama Kidoti aligeuka kutazama. Mkanda haukulala bapa juu ya kiti. Ulitoka juu kwenye bega, ukapinda kwa mbele, ukapita hewani, ukashuka kiunoni... kana kwamba umezunguka kifua.

Akageuza macho mbele.

Kava alizimaliza Jumapili. Rangi ya kahawia, mishono miwili miwili, pembe zimekaa. Alizivisha mwenyewe. Jumatatu jioni alikwenda kuzitazama kwa raha zake, akakuta kava la nyuma ya dereva limefumuliwa. Halikuchanwa. Lilifumuliwa mshono kwa mshono, kwa subira, na uzi wote umewekwa chini kwenye kapeti, umekunjwa vizuri. Akashona upya kwa uzi wa nailoni. Jumanne alikuta uzi wa nailoni umekatwa kwa meno. Miaka kumi na tano ya kushona, meno ya mtoto kwenye uzi anayajua.

Kuanzia hapo gari likawachukia waziwazi. Boneti lilimwangukia Spana mkononi wakati limetegwa sawasawa na chuma chake. Mlango uliufinya mguu wa Mama Kidoti bila hata upepo wa kuusukuma. Jeki iliteleza kwenye sakafu ya saruji kavu, na Spana alijiviringisha kutoka chini ya gari kwa sekunde moja tu ya kusalimika. Alipoinuka, hasira zake akazimalizia kwa mkewe.

"Wewe ulilitia mdomo tangu siku ya kwanza. Mke mwenza, mke mwenza. Unataka nini sasa?"

"Nataka uufungue ule mkanda."

"Ili lianze kulia tena?"

"Mama," akasema Kidoti kutoka mlangoni. Hawakujua amesimama hapo. "Anasema baba amembana. Anasema hapumui."

"Nani?"

"Yule wa dirishani." Akavuta kamasi. "Anakohoa sana, mama."

Spana akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha yoyote ndani yake, akatoka zake. Hakumwangalia mtoto machoni. Mama Kidoti alimwona asivyomwangalia, akajua kuwa naye ameshasikia kikohozi.

Kesho yake alikwenda kwenye lile duka la dawa.

Mlangoni kulikuwa na mkeka wa mpira wenye kengele chini yake. Ukikanyaga tu, inalia. Ililia alipoingia. Mwenye duka alipomwona, alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Kioo mmekifunga," akasema. Hakuwa anauliza.

"Mume wangu alikitengeneza."

"Na mkanda?"

Mama Kidoti akasogea kwenye kaunta. "Umejuaje habari za mkanda?"

Yule mama aligeukia mlangoni. Mtoto wa kike wa umri wa Kidoti alikuwa anapita mlangoni, anatoka nje, anarudi, anatoka tena, taratibu, bila mchezo wowote usoni. Alikuwa anaukanyaga mkeka kila mara. Mama Kidoti alimtazama bila kujua ni nini kinachomsumbua kwa mtoto yule. Kuna kitu kilikosekana, na hakukipata.

"Binti yako?"

"Ndivyo watu wanavyosema." Akaandika namba kwenye bahasha ya vidonge, akamsogezea. "Usifanye lolote bila kunipigia. Lolote. Utanipigia?"

Akarudia kuuliza mara mbili. Mama Kidoti alidhani ni huruma.

Alirudi nyumbani ameshaamua. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, Spana anaosha matairi kwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa bandeji. Akamnyang'anya ufunguo mfukoni. Akafungua mlango wa nyuma ya dereva, akabonyeza kitufe chekundu cha kifungio.

Kikagoma.

Akabonyeza kwa vidole gumba viwili. Akabonyeza mpaka kucha ikapasuka. Kilikuwa kigumu kama kimechomelewa. Mkanda ukajikaza zaidi, taratibu, na ndani ya lile duara tupu mtu akakohoa.

Kikohozi kidogo. Kikavu.

"Unafanya nini?" Spana aliuliza kwa nyuma.

"Naleta mkasi. Nitaukata."

"Mkanda wa gari langu?"

"Nitaukata, Baba Kidoti, na ukinizuia nitakukata na wewe."

Mkasi wake wa kukatia vitambaa vizito ulikuwa juu ya cherehani. Alikwenda, akauchukua, akarudi. Ni hatua kumi na tano kwenda, kumi na tano kurudi. Alipotokea mlangoni alimwona Kidoti ameshapanda garini, amekaa kwenye kiti chake, ameinama kuelekea kile kiti kingine.

"Mama anakuja," alikuwa anasema. "Usilie, mama anakuja na mkasi."

Milango ikajifunga. Yote minne, kwa mara moja.

Tok.

Loki zikashuka. King'ora kikaanza.

Spana alikimbilia rimoti ya loki. Akabonyeza, akabonyeza tena. Loki hazikuinuka. Zilikuwa loki nzuri, alizichagua mwenyewe. Mama Kidoti aliuzungusha ufunguo bure, akavuta kitasa mpaka bega likalia. Ndani aliona, kwa shida, kupitia ile filamu nyeusi, mkanda wa Kidoti ukitoka mahali pake peke yake, ukipita shingoni kwa mtoto... ukikaza.

"Vunja kioo. Vunja!"

Spana akaleta spana kubwa ya magurudumu, akapiga kioo cha upande wa Kidoti kwa nguvu zake zote. Kioo kikapasuka vipande elfu. Hakikumwagika hata kimoja. Filamu ilivishika vyote. Akapiga tena, akapiga tena, analia kwa sauti, na kila pigo liliacha kovu jeupe tu. Mama Kidoti akautumbukiza mkasi kwenye ufa, ukapita ncha, ukakwama hapo.

Ndani Kidoti alianza kukohoa.

Mama Kidoti akakumbuka bahasha. Simu ikapokelewa hata kabla haijaita vizuri.

"Ameingia?" akauliza yule mama wa dawa, kwa kunong'ona.

"Nisaidie. Anakabwa, mwanangu anakabwa, milango..."

"Nisikilize. Kile kitufe hakimsikii mtu mzima. Mwambie mtoto ambonyezee mwenzake. Kitufe chekundu."

"Halafu?"

"Milango itafunguka."

"Na mwanangu?"

"Milango itafunguka," akarudia.

Mama Kidoti akaweka mdomo kwenye ufa. "Kidoti. Kidoti, mwanangu, nisikie. Kile kitufe chekundu cha huyo mwenzako. Bonyeza."

Mtoto alinyoosha mkono. Ukasita hewani. "Mama..." Sauti ilikuwa nyembamba. "Anasema nikibonyeza, atashuka yeye."

"Ashuke! Bonyeza, nimesema."

Kidoti alikuwa mtoto msikivu. Wote tuliomjua tunamkumbuka hivyo.

Klik.

King'ora kikakatika. Milango ikaachia, yote minne. Kioo cha nyuma ya dereva, ambacho Spana alikitengeneza kwa ustadi wake wote, kikashuka chenyewe vidole viwili, kikasimama.

Na kwenye simu, ambayo Mama Kidoti alikuwa bado ameibana sikioni, ikalia kengele. Ting. Ile ya mkeka wa mlangoni. Kisha sauti ya mtoto, yenye mafua, ikasema, "Mama, nina njaa." Yule mwanamke wa dawa akaanza kulia, kilio cha mtu aliyerudishiwa kitu. "Asante," alikuwa anasema. "Asante, nisamehe, asante..." Simu ikakatika.

Kidoti alishuka mwenyewe. Mama yake alimdaka, akambeba, akamkumbatia, akampapasa shingo. Hapakuwa na alama. Alikuwa mzima. Ila alikuwa mwepesi. Mwepesi kama nguo uliyoianua kutoka kwenye kamba.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

"Siumwi," akasema Kidoti.

Hakulia. Aliwekewa chakula, akakitazama mpaka kikapoa. Aliambiwa alale, akalala chali, mikono kando, macho wazi. Mama yake alikaa naye akijiambia ni mshtuko. Alijiambia hivyo mara nyingi sana, na kila mara kwa sauti ya chini zaidi.

Siku ya pili, jioni, Spana alikuwa ameshabadilisha kioo kilichopasuka, akataka kulijaribu gari. Alikuwa amelegea, amezeeka usoni, lakini hakuweza kukaa bila kujua kama sensa imepona. Wakapanda wote watatu, maana Mama Kidoti alikuwa hamwachi mtoto hata dakika. Kidoti akakaa kiti chake. Hakufunga mkanda. Spana akawasha.

Hakuna kilicholia.

"Umefunga, Kidoti?"

"Sijafunga."

Spana akainama kutazama vile vijitu vitatu. Cha Kidoti kilikuwa kimezima. Gari halikujua kama kuna mtu pale. "Imekufa kabisa hii," akasema. "Afadhali."

Ndipo kikawaka kile kingine. Cha kiti cha nyuma ya dereva.

Ting.

Kikazima. Kikawaka.

Ting.

Kikazima. Kikawaka.

Ting.

Mara tatu. Siyo mbili wala nne.

"Kidoti!" akafoka Spana, bila kugeuka, kwa mazoea tu, mdomo umetangulia akili.

Kisha akasikia alichokisema. Akainua macho kwenye kioo cha ndani. Binti yake alikuwa ametulia nyuma ya mama yake, mikono mapajani, anatazama mbele. Hakucheka. Hajacheka tangu siku ile. Na gari lilinuka, si dawa ya kikohozi tena. Lilinuka vumbi la penseli na biskuti.

Spana alifungua mlango, akashuka, akakaa chini kwenye saruji iliyolowa. Mama Kidoti yeye alizunguka nyuma, akaingiza vidole kwenye ule uwazi wa kioo. Alihisi pumzi. Fupi fupi, za moto, kama za mtoto aliyekuwa anakimbia.

"Mama," akasema yule aliyekaa kiti cha upande wa pili. "Funga kioo. Kunaingia baridi."

Kesho yake Mama Kidoti alirudi kwenye duka la dawa akiwa na ule mkasi ndani ya mkoba. Sema utakalo, alikwenda kuua. Mlangoni mtoto wa kike alikuwa anarukaruka juu ya mkeka, na kengele inalia kila akitua, ting, ting, ting, na wateja wanamgombeza naye anacheka na kukohoa. Hapo Mama Kidoti akakipata kile alichokikosa mara ya kwanza. Siku ile mtoto huyu alipita mlangoni mara nne. Kengele haikulia hata mara moja.

Mwenye duka aliwahudumia wateja mpaka wakaisha. Hakukimbia. Alikuwa amekonda, macho yamevimba.

"Mimi pia niliuziwa," akasema.

"Mwanangu yuko pale."

"Najua. Wangu alikaa miezi saba." Akafuta kaunta ambayo ilikuwa safi. "Mwachie uwazi wa kioo, apate hewa. Zungumza naye. Wanasikia."

"Nitamtoaje?"

"Unajua."

"Sitafanya hivyo kwa mtoto wa mtu."

"Na mimi nilisema hivyo. Nilisema hivyo kwa miezi sita." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Usimwuzie asiyejali. Asiyejali ataacha kioo wazi, na mlio atauzoea. Tafuta mtu anayeshindwa kuacha kitu kilivyo."

Mkasi ulirudi nyumbani haujatoka mkobani.

Miezi sita hakufika. Nisikudanganye, hata mmoja haukuisha. Kila jioni alikaa nyuma na kuongea na kiti, na kila jioni taa iliwaka mara tatu, ila ilizidi kuchelewa. Siku moja iliwaka mara mbili tu. Siku hiyo alimwambia Spana atangaze kuwa gari linauzwa. Spana hakubisha. Alikwenda uani, akaufungua mlango wa nyuma ya dereva, akaigeuza ile mota aliyoipaka grisi, na kioo kikawa hakipandi zaidi ya pale. Hajawahi kuharibu kitu kwa uangalifu namna ile. Na Mama Kidoti alichukua bisibisi, akailegeza skrubu moja ya namba ya gari.

Wa kwanza alikuja na dereva wake. Akaambiwa limeshauzwa. Wa pili alisema yeye hana neno, mradi linatembea.

Wa tatu alikuja jioni, mtu mpole, fundi wa saa, na mkewe. Alilizunguka gari akisifu kava za viti. Alipofika mbele alisimama, akatoa kibisibisi kidogo mfukoni mwa shati, akainama. Akaikaza skrubu. Mkewe alicheka, akamwambia Mama Kidoti, "Mzoee tu, dada, ndivyo alivyo." Walikuwa watu wazuri. Mama Kidoti aliwapenda palepale, na moyo ulimuuma kuwapenda.

"Mna mtoto?" akauliza.

"Yule pale," akasema yule mke.

Getini alisimama mtoto mwenye viatu vipya, akihesabu matairi ya gari kwa kidole, na tairi la akiba nalo akalihesabu. Mama Kidoti alijiambia sema hapana. Waambie limeshauzwa. Mdomo aliufungua kwa ajili hiyo hasa. Nyuma yake, ndani ya gari lililokuwa halijawashwa kabisa, akasikia ting.

Moja tu. Akasubiri ya pili. Akaisubiri mpaka mikono ikafa ganzi.

"Ana miaka mingapi?" akauliza.

"Wiki ijayo anatimiza sita."

Spana aligeukia ukuta. Mama Kidoti akatoa ufunguo mfukoni mwa gauni, ukiwa na joto la mwili wake, akamkabidhi fundi wa saa.

"Kioo cha nyuma ya dereva hakifungi vizuri," akasema. "Kiacheni hivyo hivyo."